Miezi Kumi na Minne ya Edna Ombeni

Mke wangu Edna alikuwa mbunge kwa miezi kumi na minne. Wamarekani hawaiti hivyo. Wao husema mjumbe wa baraza la jimbo, na baraza lenyewe liko Annapolis, mwendo wa dakika arobaini hivi kwa gari kutoka kwetu Temple Hills kama hakuna foleni. Lakini kanisani, pale Langley Park, ambako Watanzania, Wakenya na Wakongo tulikuwa tunasali pamoja kwenye ukumbi wa kupanga, wote walimwita mbunge, na mimi nikaitwa mume wa mbunge. Nakiri mapema kwamba nililipenda jina langu kuliko yeye alivyolipenda lake.

Mwaka huo wa 2005 Edna alikuwa na miaka hamsini na mbili. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwetu, na mimi nilikuwa fundi wa boila zinazopasha majengo joto chuo kikuu, College Park. Tulikuwa tumetoka kwetu Same, milimani, miaka kumi na tisa nyuma. Tulipopata uraia, mimi niliiweka hati yangu kabatini nikaendelea na maisha. Yeye wiki iliyofuata alikwenda kuuliza watu wanajitolea wapi. Akaanza kwa kupanga viti siku za uchaguzi na kuwaonyesha wazee mlango. Baadaye akachaguliwa kuingia kamati ya chama ya kaunti, kwa kuwa mtaani kwetu hakuna mwingine aliyeitaka nafasi hiyo, na kamati ikampa kazi ya kuandika mihtasari ya vikao kwa kuwa mwandiko wake unasomeka.

Oktoba hiyo akafariki mbunge wetu, mzee Harold Dobbins, aliyekuwa amekikalia kiti miaka ishirini na miwili. Maryland, mbunge akifa katikati ya muhula, hakuna uchaguzi mdogo. Kamati ya chama chake hupeleka jina kwa gavana ndani ya siku thelathini, na gavana humteua huyo. Waliolitaka jina hilo walikuwa wawili: Terrence Pickett, wakili wa miaka thelathini na tano asiyejua kukaa kimya, na Yolanda Briscoe, mwalimu mkuu mstaafu ambaye kila kanisa la eneo letu lilikuwa na mwanafunzi wake wa zamani.

Wajumbe wa kamati walikuwa ishirini na wanne. Walipiga kura, ikawa kumi na mbili kwa kumi na mbili. Wakanywa kahawa, wakapiga tena, ikawa vilevile. Wiki iliyofuata walirudi wakapiga mara mbili zaidi, na hakuna hata mmoja aliyehama. Watu waliosoma pamoja tangu utoto wakaacha kusalimiana.

Zilipobaki siku tatu, mwenyekiti wao, mzee Tolliver, aliyekuwa amestaafu kazi ya posta, alisimama akasema amechoka.

"Tumpe mtu asiyekitaka," alisema. "Akikalie mpaka muhula uishe. Septemba mwakani, kwenye mchujo wa chama, Pickett na Yolanda waende kwa wapiga kura, na asiwepo wa kuanza mbele ya mwenzake."

"Nani humu ndani asiyekitaka?" mtu mmoja akauliza.

Edna alinisimulia kwamba alikuwa ameinama anaandika swali hilo. Alipoona kimya kimezidi aliinua kichwa, akakuta watu wote wanamtazama yeye.

"Edna," Tolliver akasema, "unaweza kutuahidi kwamba hutagombea?"

"Nikiahidi, tutakwenda nyumbani?" Edna akauliza. Alikuwa na zamu ya alfajiri kesho yake.

Chumba kizima kikacheka, na kwa mara ya kwanza katika majuma matatu walicheka pamoja. Akainua mkono wa kulia, akasema, "Naahidi sitagombea." Wakapiga kura ya tano. Ishirini na tatu walisema ndiyo, na mmoja hakupiga. Huyo mmoja alikuwa yeye mwenyewe.

Alifika nyumbani mimi nikiwa naosha vyombo. Akakaa kwenye ngazi anavua viatu.

"Baba Namsifu, kuna jambo. Nimekuwa mbunge."

"Wa wapi?" nikamuuliza.

Namsifu ni binti yetu, wakati huo akiwa mwaka wa pili chuoni. Alishuka mbio kutoka juu akamkumbatia mama yake, akaanza kuwapigia simu rafiki zake kwa Kiingereza chake cha kuzaliwa. Mimi nilibaki na sahani mkononi. Sikuelewa vizuri mpaka barua ya gavana ilipokuja ikiwa na jina letu, Ombeni, limeandikwa kwa wino mweusi, bila herufi hata moja iliyokosewa.

Januari bunge lilianza. Bunge la Maryland hukaa siku tisini tu kwa mwaka, kuanzia Januari hadi Aprili, kwa hiyo Edna aliomba kazini apunguziwe zamu, abaki na za Jumamosi na Jumapili. Wabunge hupewa nafasi ya kuajiri msaidizi, na yeye akamchukua Wamaitha, Mkenya kutoka Nyeri aliyekuwa mapokezi kwenye nyumba ileile ya wazee. Wamaitha alikuwa anachapa haraka, anajua kumkatalia mtu kwenye simu bila kumuudhi, na gari lake lilikuwa na hita inayofanya kazi. Letu halikuwa nayo. Kila asubuhi alikuwa anampitia Edna, wanashika barabara namba hamsini kwenda Annapolis, Wamaitha akiendesha na Edna akisoma makaratasi kwa sauti.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Alipewa kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango. Mbele ya kila mbunge kuna vitufe viwili, cha kijani na chekundu, na juu ukutani kuna ubao wenye majina yote mia moja na arobaini na moja. Jina lake wiki ya kwanza halikuwepo. Palikuwa bado na la Dobbins. Kila alipopiga kura taa iliwaka kwenye jina la marehemu. Hakulalamika. Wamaitha ndiye aliyekwenda kumtafuta fundi.

"Nilimwambia yule jamaa, boss, huyu mama yuko hai," Wamaitha alinieleza. "Akabadilisha siku hiyo hiyo."

Mwenyekiti wa kamati ya afya, ambako Edna alipangiwa, alimpokea kwa heshima, akamwambia kwamba kwa kawaida wabunge wa kushikilia kiti huwa wanapumzika. Hasikilizwi sana mtu ambaye mwaka ujao hatakuwepo. Edna akamshukuru. Siku iliyofuata akapeleka muswada.

Muswada huo ulitokana na mama mmoja aitwaye Lucille Weems. Alikuwa na miaka themanini na moja, anaishi peke yake, na alikuwa ameletwa kwenye nyumba ya akina Edna kujikusanyia nguvu baada ya kulazwa hospitali. Alikuwa ameanguka jikoni kwake. Daktari alimwandikia nusu kidonge cha presha kila siku, na kwenye lebo ya chupa ile nusu iliandikwa kwa tarakimu, moja juu ya mbili, ndogo kama mguu wa sisimizi. Bibi Lucille aliiona ile mbili tu. Alimeza vidonge viwili kila asubuhi kwa siku tisa.

Edna alikuwa amemuuguza majuma sita na jambo hilo halikumtoka. Kwa hiyo muswada wake ulisema kitu kimoja: mteja akiomba, duka la dawa limwandikie lebo kwa herufi kubwa. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu. Nilipousoma nikamwambia kwamba nilitegemea kitu kikubwa zaidi, barabara labda, au shule.

"Barabara zina watu wa kuzisemea," akajibu. "Hii haina mtu."

Kamati iliusikiliza katikati ya Februari, saa saba mchana. Niliomba ruhusa kazini, nikavaa suti yangu ya harusi za watu, nikakaa mstari wa nyuma pamoja na Wamaitha. Bibi Lucille alikaa mbele yetu, kavaa kofia ya zambarau yenye ukingo mpana, mkongojo kaulaza mapajani.

Kwanza alizungumza wakili aliyetumwa na wenye maduka ya dawa. Alikuwa mtu mpole, wala hakumdharau mtu yeyote. Alisema chupa ni ndogo, lebo ina mambo mengi yanayotakiwa na sheria, mashine za kuchapia zingebidi zibadilishwe, na kwamba wateja kwa kweli hawalalamiki. Niliangalia nyuso za wabunge nikaona wanakubaliana naye. Mmoja alikuwa anakula karanga.

Zamu ya Edna ilipofika hakutoa hotuba. Alifungua mkoba wake, akatoa chupa za dawa, tupu, zenye lebo kama ile ya Bibi Lucille, akampitishia kila mjumbe ya kwake. Moja akampelekea yule wakili.

"Mheshimiwa unataka tuzifanye nini?" mwenyekiti akauliza.

"Mzisome tu. Kila mmoja aniambie mgonjwa huyu ameze vidonge vingapi. Ila naomba bila miwani, kwa sababu mtu akiamka usiku miwani huwa iko chumba kingine."

Wakacheka kidogo, wakavua miwani. Halafu hawakucheka tena. Mwenyekiti alisogeza chupa mbali, akaileta karibu, akainamisha kichwa kuelekea dirishani. Yule wa karanga alisema vidonge kumi na viwili. Mama mmoja akasema haoni hata jina la dawa. Edna akamgeukia wakili.

"Na wewe, bwana? Wewe ni kijana."

Wakili aliitazama chupa yake kwa muda. "Vidonge viwili kila siku," akasema.

"Hivyo hivyo nilivyosoma mimi!" Bibi Lucille akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, kabla hajaitwa.

Chumba kikalipuka. Mwenyekiti aligonga meza, lakini hata yeye alikuwa anacheka, na wakili akawa mwekundu mpaka masikioni. Ndipo Bibi Lucille akaitwa rasmi. Alikwenda polepole na mkongojo wake, akakaa mbele ya kipaza sauti, akasema maneno machache ambayo nayakumbuka hadi leo.

"Nimefundisha darasa la kwanza miaka arobaini na moja. Baadhi ya waliomo kwenye jengo hili nimewafundisha mimi kusoma. Sioni aibu kusema kwamba chupa yangu mwenyewe imenishinda."

Wiki iliyofuata yule wakili alikuja ofisini kwa Edna na kofia mkononi. Wateja wake wangekubali, alisema, kama herufi zingepunguzwa kutoka saizi kumi na nne hadi kumi na mbili, na kama maduka madogo yangepewa mwaka mzima wa kujiandaa. Wamaitha alikasirika.

"Madam, wacha! Hawa watu wameshindwa mbele ya kila mtu, halafu wanakuja kutupunguzia? Waambie waende huko."

Edna hakusema ndiyo wala hapana. Alimwomba wakili ampe lebo za mfano, za saizi zote mbili. Jumamosi alizipeleka kazini, akazunguka nazo kitanda kwa kitanda. Aligundua kwamba saizi kumi na mbili, ikiwa imekolezwa wino, wazee karibu wote waliisoma. Kilichowashinda kilikuwa tarakimu ya nusu, hata ikiwa kubwa. Jumatatu akampigia wakili simu.

"Nakubali kumi na mbili, iliyokolezwa. Na mwaka mmoja nawapa. Lakini nusu iandikwe kwa neno. Nusu. Isiandikwe kwa tarakimu, kwenye chupa yoyote, aombe mtu asiombe."

Wakili akasema, "Mama Ombeni, umeniuzia kitu kikubwa kuliko nilichokuja kununua." Lakini alikubali.

Muswada ulipofika mbele ya baraza zima, mbunge mmoja wa siku nyingi alisimama kumtania, maana wana desturi ya kumtania mgeni kwenye muswada wake wa kwanza. Akauliza kwa sauti nzito kama sheria hiyo itamlazimu kuandika kwa herufi kubwa orodha ya vitu ambavyo mke wake humtuma sokoni.

Edna alisimama pale nyuma karibu na mlango. "Mheshimiwa," akasema, "mkeo akiomba."

Wamaitha alinipigia simu kutoka kwenye roshani ya watazamaji. Nilisikia kicheko cha watu mia na zaidi kikipita kwenye simu hadi kwenye chumba changu cha boila. Ubao ukawa kijani, mia moja ishirini na nane kwa tisa. Baraza la Seneti liliupitisha mwanzoni mwa Aprili, Jumamosi saa nane mchana, siku mbili kabla ya bunge kufungwa. Mei gavana akatia sahihi, na Bibi Lucille akapiga picha naye akiwa na kofia yake ileile.

Sasa nifike mahali ambapo mimi sikujipatia sifa.

Baada ya sheria ile kupita, watu walianza kumsimamisha Edna njiani. Kanisani walipika pilau, na Mchungaji Eliudi akamwombea kwa muda mrefu, mpaka akafika kwenye muhula ujao na mingine itakayofuata. Edna aliitikia amina kila mahali isipokuwa hapo. Mimi niliitikia hapo kwa nguvu kuliko pengine pote. Nilikuwa nimeanza kuvaa tai siku za kawaida. Nikienda kununua mchele, mwenye duka alinitolea kiti.

Juni mzee Tolliver alikuja kwetu, akakaa kwenye kochi, akapokea chai ya tangawizi.

"Nimezunguka kila kata," alisema. "Watu wamechoshwa na Pickett na wamechoshwa na Yolanda. Ukijiandikisha kugombea, unashinda."

"Niliahidi," Edna akasema.

"Uliinua mkono tu, Edna. Hakuna mahali palipoandikwa."

"Pameandikwa. Muhtasari wa kikao cha tisa Novemba, ukurasa wa tatu. Niliandika mimi, na wewe ukatia sahihi."

Tolliver alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakuondoka bila kusema kwamba kamati inaweza kukaa tena na kumfungulia, kama mwenyewe akitaka. Edna akajibu kwamba atafikiri.

Neno hilo, atafikiri, ndilo nililolishika. Kesho yake nilikwenda kwa mchapishaji, nikaagiza mabango sitini ya kusimika mbele ya nyumba, ya buluu yenye maandishi ya njano: EDNA OMBENI. Nilitaka yawe tayari, asikose muda. Sikumwambia. Niliyaficha gereji nyuma ya matairi ya majira ya baridi.

Aliyaona Jumapili moja alipoingia kutafuta mkaa. Nikaona anachelewa kutoka. Nilipoingia nikamkuta amekaa juu ya tairi, bango moja kaliweka magotini.

"Rangi ni nzuri," alisema.

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani, Baba Namsifu."

Nikaanza kueleza. Nikasema nusu ya wabunge wale hawajafanya alichofanya yeye kwa siku tisini. Nikasema kamati yenyewe inataka kumfungulia, kwa hiyo hapo hakuna kosa. Nikasema watu wetu hawajawahi kuwa na mtu wao mle ndani, na nikamtaja mwalimu fulani, na mjane fulani, na wote waliotuombea. Namsifu alikuwa amesimama mlangoni amebeba bakuli la nyama ya kuchoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba mama hajasema hata mara moja kuwa anataka. Anayetaka ni baba.

Nilitaka kumkemea. Edna akaniwahi.

"Hapana, Namsifu. Hapo umekosea kidogo. Nataka." Aligeuza bango akalitazama. "Nataka kweli. Nina daftari limejaa mambo. Nikipita barabarani naona kituo cha basi hakina paa, nasema hili nalo. Usidhani ni rahisi."

"Basi gombea!" nikasema.

"Method." Huniita jina langu mara chache sana. "Unajua kwa nini wale watu walinisikiliza? Nilipoingia ofisini kwa mtu, hakuwa na haja ya kujiuliza nataka nini kwake. Wote walijua mwakani sipo. Hata yule wakili. Na wale kumi na wawili wa huku na kumi na wawili wa kule, waliacha kugombana siku ile kwa sababu ya neno langu. Nikigombea nitakuwa nimewadanganya, hata kama wenyewe wameniruhusu."

Nilichukua tairi jingine nikakaa karibu yake. Namsifu akaingia, akatuwekea bakuli katikati, tukala nyama palepale gereji.

"Mimi napenda kuitwa mume wa mbunge," nikamwambia baada ya muda.

"Nimeona," akasema. "Hata bafuni unaingia na tai."

Akacheka, na mimi nikacheka, ingawa sikuwa nimependa bado. Mabango Namsifu aliyachukua. Rafiki zake walipaka rangi upande wa nyuma, wakatangazia shughuli yao ya kuosha magari.

Mwisho wa Juni Edna aliwaalika Pickett na Bi Yolanda Briscoe nyumbani kwetu, siku moja, saa moja jioni. Hakumwambia mmoja kwamba mwenzake anakuja. Pickett alipofungua mlango akamkuta Yolanda kwenye kochi, alisimama na maua mkononi kama mtu aliyekosea nyumba. Nilimvuta ndani. Tuliwapikia makande, chakula ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekijua, na hiyo ilisaidia, kwa sababu muda wa mwanzo wote walikuwa wanaulizana hii ni nini na ile ni nini.

Walipomaliza kula, Edna akaleta karatasi mbili. Alikuwa amenakili mambo tisa kutoka kwenye daftari lake. Paa la vituo vya basi lilikuwemo. Mitihani ya wauguzi waliosomea nje ilikuwemo. Mengine yalikuwa madogo hata kuliko lebo za dawa.

"Mmoja wenu atakwenda Annapolis," aliwaambia. "Sitampigia kampeni yeyote kati yenu. Ila naomba atakayekwenda aende na hii."

"Na nikishindwa?" Pickett akauliza.

"Utamkumbusha Yolanda. Na Yolanda akishindwa, atakukumbusha wewe. Amefundisha watoto, anajua kukumbusha."

Bi Yolanda aliisoma karatasi yake yote kabla ya kuikunja. "Namba sita hii," akasema, "nimeililia miaka kumi." Pickett akauliza namba sita ina nini, naye akaanza kumweleza. Walitoka wakizungumza. Niliwaona kupitia dirishani wamesimama kati ya magari yao, Yolanda akichora kitu hewani kwa kidole, Pickett akiitikia kwa kichwa.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa Jumatatu mwanzoni mwa Julai. Nilikuwa kazini College Park, na Edna alikuwa na zamu. Sitadanganya, niliangalia saa kila baada ya dakika tano. Nilijua amekwisha kuamua, lakini moyo wa mtu una mambo yake. Saa kumi na moja jioni simu ikalia, jina lake. Nilitoka mbio nje ya chumba cha boila ili nisikie vizuri.

"Baba Namsifu, ukipita Langley Park, ninunulie tui la nazi. Makopo mawili."

"Ni hayo tu?"

Akafikiri. "Na bizari."

Nilikwenda kununua tui na bizari. Nilipokuwa nasubiri kwenye foleni ya dukani nilijikuta nimetulia, kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito begani kwa miezi bila kujua nani alimtwika. Nilivua tai nikaitia mfukoni.

Septemba Pickett alishinda mchujo kwa kura chache, na kwetu mshindi wa mchujo ndiye huwa mbunge. Bi Yolanda alimpigia simu ya pongezi asubuhi, na kabla hajakata akamuuliza ataanza na namba ipi. Katika miaka miwili ya kwanza Pickett alipitisha tatu kati ya zile tisa. Ya nne imemgomea mpaka sasa, lakini Yolanda hajaacha kumpigia.

Muhula wa Edna uliisha Januari 2007. Siku Pickett alipoapishwa tulikwenda wote, mimi, Edna na Wamaitha, tukakaa juu kwa watazamaji. Baada ya kiapo wabunge wengi walipanda ngazi kuja kumsalimia. Mwenyekiti wa kamati ya afya alimshika mikono yote miwili, akamwambia kwamba kama kuna wapumzikaji wengine huko kwao, awapeleke.

Tulipotoka nje upepo wa ghuba ulikuwa unakata masikio, na ilikuwa bado mapema, saa sita na nusu. Wamaitha akasema kwamba miezi yote ile wamekula mikate ya nyumbani ofisini, na hawajawahi hata siku moja kuingia hoteli ya Annapolis.

"Leo tuingie basi," Edna akasema. "Leo hakuna anayetungoja."

Tukashuka barabara ya matofali mpaka kwenye hoteli moja ya samaki karibu na maji. Mhudumu alituletea orodha ya vyakula, akatupendekezea kaa. Edna, mtu wa milimani, alimtazama kaa aliyechorwa kwenye ile karatasi na kusema hawezi kula kitu chenye miguu mingi kiasi hicho. Akaagiza samaki wa kukaanga na wali. Wamaitha aliagiza kaa, akahangaika naye kwa nyundo ya mbao mpaka akamrushia mzungu wa meza ya jirani kipande cha gamba, wakaombana radhi, wakaishia kucheka wote. Edna alimaliza sahani yake, akaagiza ya pili, akavua viatu chini ya meza. Alituuliza kama Jumamosi tunaweza kwenda kumtazama Bibi Lucille, kwa sababu hajaonana naye tangu Krismasi, halafu akamwita mhudumu amwulize kama wana pilipili yenye ukali wa kweli.